Mshale wa njano unaowakawaka: kwa nini Marekani inabadilisha taa za kona ya kushoto

Katika nchi ambako magari hupita upande wa kulia, kama Marekani, hakuna jambo la kila siku barabarani linalomdai dereva umakini mwingi kuliko kukata kushoto kwenye makutano yenye taa. Ukikata kulia unaambaa na ukingo wako tu. Ukikata kushoto unavuka njia ya wanaokuja mbele yako, pengine leni mbili au tatu kwa pamoja, kisha unaingia kwenye barabara ambayo wakati huohuo watu wa miguu nao wameruhusiwa kuivuka. Unatakiwa uwatazame wanaokuja, utazame kivuko na utazame taa, vyote ndani ya sekunde chache, huku aliye nyuma yako akikupigia honi.

Matokeo yake yameandikwa kwenye takwimu. Mwaka 2010 NHTSA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani, ilitoa uchambuzi wa ajali za kwenye makutano. Katika asilimia 22.2 ya ajali hizo, tukio lililozaa ajali lilikuwa gari kukata kushoto. Kukata kulia kulikuwa asilimia 1.2 tu. Waendesha pikipiki wanaumia zaidi: katika ajali za vifo kati ya pikipiki na gari moja, takriban asilimia 40 hutokea gari linapokata kushoto mbele ya pikipiki iliyokuwa inakwenda zake moja kwa moja. Kampuni ya vifurushi ya UPS ilikwishapiga hesabu yake zamani, ikaamua kupanga safari za magari yake ili yakate kushoto mara chache iwezekanavyo.

Lawama zote humwendea dereva: hakuangalia, alikuwa na haraka, alicheza na simu. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa miongo mingi taa yenyewe ilikuwa inampa dereva habari nusu, na kwa mpangilio fulani wa taa, habari hiyo nusu ilimwingiza kwenye ajali akiwa anafuata sheria. Kosa hilo la taa ndilo mafundi wa barabara wamekuwa wakilirekebisha kwa miaka ishirini sasa, na linastahili kueleweka vizuri.

Ruhusa za aina mbili

Taa inaweza kumruhusu dereva kukata kushoto kwa njia mbili. Ya kwanza ni ruhusa iliyolindwa: mshale wa kijani unawaka, wanaokuja mbele wamesimamishwa na nyekundu, wewe unapita bila kubishana na gari lolote. Ya pili ni ruhusa yenye sharti: wanaokuja mbele nao wana kijani, na wewe unaruhusiwa kukata pale tu utakapopata pengo la kutosha kati yao. Makutano mengi hutumia zote mbili kwa zamu, kwanza mshale, kisha sharti, au kinyume chake.

Ya kwanza ni salama zaidi, hakuna ubishi. Basi kwa nini isitumike kila mahali? Kwa sababu inakula muda wa watu wote. Kila awamu mpya ya taa ina sekunde zinazopotea: wa kwanza kwenye foleni anachelewa kuondoka, na mwishoni lazima iwepo njano, kisha nyekundu ya pande zote ili makutano yasafike. Tuseme zinapotea sekunde 4 kila awamu. Kwenye mzunguko wa sekunde 100, ambao hujirudia mara 36 kwa saa, kuongeza awamu moja tu kunapoteza sekunde 144, yaani karibu dakika mbili na nusu za kila saa ambazo hakuna gari linalopita. Leni moja yenye kijani hupitisha gari moja kila baada ya takriban sekunde mbili, kwa hiyo ni zaidi ya magari 70 kwa kila leni ambayo yangepita na hayakupita. Zaidi ya hapo kuna usiku: saa nane, barabara tupu, dereva mmoja amesimama kwenye mshale mwekundu akisubiri magari yasiyokuwepo. Wengine huishia kupita na nyekundu.

Ndiyo maana wahandisi hupima kabla ya kuamua. Njia moja inayotumika sana ni kuzidisha idadi ya wanaokata kushoto kwa saa na idadi ya wanaokuja mbele. Jibu likivuka 50,000 ambapo wanaokuja wana leni moja, au 100,000 wakiwa na leni mbili, mshale wa kijani unaanza kustahili. Wakataji 100 dhidi ya wajao 500 wanatufikisha kwenye hiyo 50,000. Ni kipimo cha kuanzia tu: kasi ya barabara, idadi ya leni za kuvuka, uwezo wa kuona mbali na historia ya ajali huweza kukipindua.

Mtego wa njano

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye ruhusa yenye sharti. Kwa miaka mingi Marekani iliionyesha kwa taa ya duara ya kijani, ileile ambayo anayekwenda moja kwa moja huambiwa “pita.” Rangi moja, umbo moja, maana mbili: huyu pita, yule pita ukiweza. Kibao kilining’inizwa pembeni kikisema anayekata kushoto awapishe wengine kijani kikiwa duara. Taa inayohitaji kibao cha kuieleza haijafanya kazi yake.

Lakini si hilo lililofanya mambo yawe mabaya kabisa. Fikiria umetoka kusini, unataka kukata kushoto. Umeingia katikati ya makutano kwa kijani cha duara, unasubiri pengo, na wanaotoka kaskazini wanazidi kumiminika. Ghafla taa yako inageuka njano. Unawaza kama angewaza mtu yeyote: mimi nimepewa njano, basi na wao wamepewa njano, sasa watasimama. Makutano yanafungwa na wewe uko katikati, lazima utoke. Unakata.

Kumbe wao hawajapewa njano. Taa imepangwa ili upande wa kusini ufungwe mapema, halafu wanaotoka kaskazini waendelee na kijani chao na waongezewe mshale wa kushoto. Anayekuja mbele yako ana kijani kamili na hana sababu ya kupunguza mwendo. Wewe umeamini njano, yeye ameamini kijani, na hakuna aliyevunja sheria mpaka mnapogongana. Wataalamu wanaliita jambo hili mtego wa njano.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuukwepa mpangilio huo. Ilisaidia, ila ilifunga mikono: kwenye barabara ndefu yenye makutano mengi, mara nyingi njia bora ya kufanya magari yakute kijani mfululizo ni kuanza na mshale upande mmoja na kumalizia nao upande wa pili. Jiji la Dallas huko Texas lilipata ujanja wake. Lilimwachia anayekata kushoto kijani cha duara kwa muda wote ambao wanaokuja mbele wana kijani, hata kama leni za jirani yake zimeshapewa nyekundu, na kukiziba kijani hicho kwa vipande vya bati ili kionekane kutoka leni ya kushoto peke yake. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilitegemea bati: likipinda kidogo, wa leni ya jirani anaona kijani na nyekundu kwa pamoja. Kwingineko kila mmoja alijaribu lake. Seattle ilitumia duara la njano linalowakawaka, Michigan duara jekundu linalowakawaka, Delaware mshale mwekundu unaowakawaka. Dereva aliyevuka mpaka wa jimbo alikutana na lugha nyingine kabisa ya taa.

Mshale wenye habari kamili

Mwaka 2003 ilitoka ripoti namba 493 ya mpango wa taifa wa utafiti wa barabara kuu, NCHRP, iliyomaliza miaka kadhaa ya kuwajaribu madereva kwenye viigizi vya kompyuta na kwenye makutano halisi. Ilipendekeza mshale wa njano unaowakawaka uchukue nafasi ya kijani cha duara. Sababu iliyonigusa zaidi kati ya zile zilizotolewa ni hii: watafiti hawakuangalia tu ni wangapi wameielewa taa, waliangalia pia yule asiyeielewa anakosea kuelekea wapi. Asiyeelewa kijani cha duara hudhani ana haki ya kupita, akaingia mbele ya gari. Asiyeelewa mshale wa njano unaowakawaka huwa anasita au anasimama. Makosa ya kusimama yanapoteza sekunde, makosa ya kuingia yanapoteza watu. Ningependa kila kifaa cha umma kipimwe kwa kigezo hicho.

FHWA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia barabara kuu, iliruhusu matumizi yake kwa muda mwezi Machi 2006, na mwaka 2009 mshale huo ukaingia rasmi kwenye MUTCD, mwongozo wa taifa wa alama na taa za barabarani.

Kichwa cha taa chenyewe huwa na mishale minne kutoka juu: mwekundu, wa njano usiowakawaka, wa njano unaowakawaka, na wa kijani. Kijani: pita, umelindwa. Unaowakawaka: unaweza kukata, lakini wapishe wanaokuja na watu wa miguu. Njano iliyotulia: ruhusa yako inaisha. Nyekundu: simama. Hakuna duara hata moja, kwa hiyo hakuna wa leni nyingine anayeweza kudhani anaambiwa yeye.

Siri yake haionekani kwa macho, iko kwenye waya. Mshale unaowakawaka haukufungwa pamoja na taa ya jirani zako wanaokwenda mbele upande wako. Umefungwa pamoja na kijani cha wale wanaokuja. Wao wakiwa na kijani, wako unawakawaka, hata kama jirani zako wameshasimamishwa. Njano iliyotulia inakuja kwako pale tu ambapo na wao wanapewa njano. Yale uliyokuwa ukiyadhani kuhusu taa ya mwenzako sasa ni kweli. Mtego umeondoka, na uhuru wa kuanza au kumalizia na mshale upande wowote umerudi.

Faida ya pili ni ya saa. Kichwa hichohicho kinaweza kufanya kazi tofauti asubuhi, mchana na usiku bila kubadilisha chochote juu ya nguzo. Saa za foleni, wanaokuja wakiwa wengi na mapengo hayapo, unawekwa mshale wa kijani na mwekundu tu. Mchana mtulivu, kijani kwanza kisha kuwakawaka. Usiku wa manane, kuwakawaka tu, dereva anapita bila kusubiri hewa. Hapo ndipo usalama na wepesi, vitu ambavyo watu huvigombanisha, vinakaa nyumba moja.

Uchambuzi uliofanywa chini ya FHWA katika makutano yaliyobadilishwa kutoka mfumo wa zamani wa kijani cha duara kwenda mshale huu ulikuta ajali za kukata kushoto zikipungua kwa asilimia 15 hadi 50, kutegemea hali ilivyokuwa kabla. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Ukiutoa mshale mwekundu mahali ambapo kona ilikuwa inalindwa muda wote, ukaweka unaowakawaka ili kupunguza foleni, usitarajie ajali kupungua, zitaongezeka. Kifaa kimoja kinaweza kuwa hatua ya mbele kwenye njia panda moja na hatua ya nyuma kwenye nyingine.

Anayesahaulika

Mtu wa miguu ndiye ninayemhofia zaidi katika mambo haya. Anapovuka barabara ambayo wewe unaiingia, naye ana taa ya kutembea. Wakati huohuo macho yako yamebandikwa kwenye magari yanayokuja, unatafuta pengo. Ukilipata unakanyaga mafuta ili uliwahi. Kona ya kushoto ni pana kuliko ya kulia, kwa hiyo unaikata kwa kasi kubwa zaidi, na nguzo ya kioo cha mbele upande wako wa dereva huweza kumficha mtu mzima aliye kwenye kivuko. Unapomwona, tayari uko kwenye mwendo.

Jiji la New York lilichapisha uchunguzi wake mwaka 2016 na kukuta kwamba kona za kushoto zinaua na kujeruhi vibaya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli zaidi ya mara tatu ya kona za kulia. Jiji likaanza kuweka matuta na vizuizi vya mpira pembeni mwa kona ili dereva asiikate kwa mkato, alazimike kuzunguka taratibu. Njia nyingine ni kumtanguliza mtu wa miguu: taa yake inawaka sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari kupewa kijani, ili dereva anapoanza kugeuza usukani amkute tayari yuko katikati, anaonekana. FHWA inahesabu kwamba hatua hiyo inapunguza ajali kati ya magari na watembea kwa miguu kwenye makutano kwa asilimia 13, na mara nyingi kinachohitajika ni kubadilisha mpangilio wa saa za taa tu.

Mshale unaowakawaka nao unaweza kufunzwa adabu. Katika miji kadhaa, mtu wa miguu akibonyeza kitufe, kompyuta inauzuia mshale huo usiwake katika mzunguko ule. Dereva anabaki na mwekundu hadi mvukaji amalize. Kwa maoni yangu hili halipaswi kuwa la hiari karibu na shule, hospitali, soko au kituo cha basi. Na mahali ambapo watu wanavuka mfululizo kutwa, hapafai kuwakawaka kabisa. Weka mwekundu na kijani.

Ndani ya kabati

Watu huona taa mpya wakadhani kazi ni kubadilisha balbu. Kazi nzito iko kwenye lile kabati la chuma pembeni mwa barabara. Humo mna kompyuta inayopanga awamu, na kando yake kifaa cha ulinzi kisichofanya lingine ila kuchunguza kama taa zinazopingana zimewaka pamoja. Kikiona kijani viwili vinavyogongana, kinazima mpango wote na makutano yanabaki yakiwakawaka kwa dharura. Vifaa vingi vya zamani havikuujua mshale wa njano unaowakawaka, hivyo vinapaswa kubadilishwa navyo. Pengine nyaya hazitoshi kwa mshale wa nne, au mkono wa nguzo haubebi uzito zaidi. Ndiyo sababu njia panda mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kugharimu fedha tofauti sana.

Halafu kuna vitambuzi. Mshale wa kijani uwake kwa sababu kuna gari linalosubiri, si kwa mazoea. Kwa kawaida hutumika koili ya waya iliyozikwa chini ya lami inayohisi chuma kilicho juu yake, au kamera, au rada. Koili inaweza isihisi pikipiki ndogo au baiskeli, na mwenye pikipiki akakaa mizunguko mitatu bila kupewa mshale mpaka gari lije nyuma yake. Mahali penye pikipiki nyingi, hili peke yake latosha kuchagua kamera au rada.

Njano nayo ina hesabu. Mwongozo wa Marekani unataka iwe kati ya sekunde 3 na 6. Kwa barabara ya kilomita 72 kwa saa, kanuni iliyotungwa na wanasayansi watatu wa General Motors mwaka 1960 inatoa takriban sekunde 4.3. Kanuni hiyo ilimfikiria anayekwenda moja kwa moja kwa kasi ileile. Anayekata kona hupunguza mwendo kabla ya kuingia, kwa hiyo anahitaji muda mrefu zaidi. Aliyelisimamia jambo hili hadi likasikika ni Mats Järlström, mtaalamu wa elektroniki huko Oregon. Bodi ya wahandisi ya jimbo ilimtoza faini ya dola 500 kwa kufanya kazi ya uhandisi na kujiita mhandisi bila leseni; akaenda mahakamani, na Desemba 2018 akashinda. Mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa usafiri, ITE, ilitoa mwongozo mpya unaowahesabia wanaokata kona muda wao.

Huku kwetu

Msomaji aliye Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi anaweza kuyachukua haya kama yalivyo, kwa sababu kwake magari hupita kulia na kona ya kushoto ndiyo inayovuka wajao. Aliye Muscat au Dubai vilevile, ingawa katika miji mingi ya Ghuba taa hutoa kijani kwa upande mmoja mmoja, jambo linaloilinda kona lakini linalorefusha kusubiri. Tanzania, Kenya na Uganda geuza maneno: kushoto kuwe kulia, mengine yote yanabaki palepale.

Ila utaratibu wa kazi hauwezi kuwa uleule. Dar es Salaam na Nairobi, saa za foleni, mara nyingi askari wa usalama barabarani ndiye anayeongoza, na taa zinabaki kama mapambo. Askari anaachia upande mmoja kwa dakika nyingi kwa sababu anaona foleni iliyo mbele yake, haoni ile iliyo kwenye mataa yanayofuata. Kabla ya kununua mishale ya aina yoyote, taa lazima zipate vitambuzi vinavyofanya kazi, umeme wa akiba, na mpangilio unaoaminika kiasi cha askari kuuacha ufanye kazi. Bila hayo, mshale wa njano unaowakawaka juu ya mkono wa askari ni ishara mbili kwa dereva mmoja, na hapo tumerudi kulekule kwenye habari nusu.

Kisha kuna bodaboda. Jicho la binadamu hukadiria kasi ya kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyokua machoni, na kitu chembamba huonekana kiko mbali na hakina haraka. Pengo ambalo dereva anaona lingetosha mbele ya pikipiki mara nyingi halitoshi. Pia pikipiki hupenya kati ya magari, hivyo lori lililosimama kwa hisani kukupisha linaweza kuficha pikipiki mbili zinazokuja kando yake. Ile hesabu ya 50,000 ilitungwa kwa barabara ambazo wajao ni magari, yanayokwenda kwenye leni zao. Kwenye njia panda ambako sehemu kubwa ya wajao ni bodaboda, kiwango hicho kiko juu mno, na mshale wa kulia wa kijani na mwekundu, bila kuwakawaka, unapaswa kuanza mapema zaidi ya hapo.